Mguu Uliokaa Eda

Tangu niuone mguu wa Ashatu, kukaa nikatulia kulinishinda. Nikianza kuchambua mchele, naacha ungo pale pale naenda dirishani. Nikifika dirishani sijui nimefuata nini. Nikirudi, kuku wameshauvamia ule mchele, na mie sina hata moyo wa kuwafukuza.

Ashatu ni mdogo wangu, tumbo moja. Nyumba zetu zinatazamana hapa Bagamoyo, akikohoa nasikia. Mumewe, Bwanaheri, alifariki, naye akakaa eda kama tulivyowaona mama zetu wakikaa: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, nguo nyeupe, hana wanja wala hina wala manukato, na kioo cha chumbani kimegeuziwa uso ukutani. Watoto wake wako mbali, mmoja Tanga na mwingine Saadani kwenye kazi za hifadhi, kwa hiyo wanawake wa mtaa walikuwa wakija kila alasiri kukaa naye. Wanasoma kidogo, wanaongea sana, wanamletea uji, asijione peke yake.

Mguu wenyewe ulianza siku ya hitma ya arobaini. Chetezo kilikuwa kimejaa makaa na ubani, watu wanapishana, kaa moja likaruka likaanguka mkekani. Ashatu akalikanyaga. Akasimama juu yake hivyo hivyo, anapokea pole za watu, wala asijue. Aliyejua ni jirani yetu Tabia, na alijua kwa pua.

"Jamani, kuna kitu kinaungua humu!"

Ashatu akatazama chini, akasogeza mguu. "Ni mkeka," akasema.

Na mkeka kweli ulikuwa umeingia tundu. Watu wakamwagia maji, hitma ikaendelea.

Lakini haukuungua mkeka peke yake. Ashatu ana sukari, ya miaka mingi sasa, na nyayo zake zimekufa ganzi, ukimfinya hasikii. Vidonge vyake alikuwa akivifuata Bwanaheri kila mwezi, tena bila kukumbushwa. Bwanaheri alipokwenda, vidonge navyo vikaenda. Kila nikimuuliza ananijibu, "Ninavyo, dada, ninavyo," na mie nikawa naridhika.

Mie nami nilikuja kujua kwa pua. Nilikuwa namkanda mabega siku moja asubuhi, watu hawajaja, nikasikia harufu ambayo si ya nyumba yake. Nikafunua kanga. Alikuwa ameufunga unyayo kwa kipande cha shuka kuukuu, na ndani amepaka asali na manjano. Nilichokiona sitakieleza sana, huenda mtu anasoma huku anakula. Itoshe kusema kidole kidogo na jirani yake vilikuwa vimegeuka rangi.

"Simama," nikamwambia. "Twende hospitali."

"Dada, niko eda."

"Eda gani na mguu unaoza?"

"Nikivuka kizingiti eda yangu imekatika. Nianze upya, watu waseme sikuweza hata kumkalia Bwanaheri miezi minne." Akanishika mkono kwa nguvu. "Niapie hutamwambia mtu. Niapie kwa ziwa la mama tulilonyonya."

Nikaapa. Alikuwa analia, na kilio cha Ashatu sikiwezi tangu nilipokuwa nambeba mgongoni. Na kiapo cha ziwa la mama kwetu hakivunjwi kwa namna yoyote, hata ukikosana na ndugu yako mpaka mkanyimana maji.

Basi ndipo nikaanza hizo safari za dirishani. Namwona anachechemea uani, naingia ndani. Namwona kakaa, natoka nje. Nampelekea maji ya uvuguvugu na kitambaa kisafi, naosha kile kidonda, narudi kwangu nanawa mikono mpaka inakauka, na harufu haitoki puani. Mchuzi nautia chumvi mara mbili. Watu wakaanza kuniuliza, "Bi Mwanajuma, una nini?" Nami najibu, "Joto."

Wahida akaingia katikati ya hali hiyo, begi mgongoni, simu mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Huko chuoni hamli?"

"Tunakula chipsi, bibi."

"Haya, nimeshapata jibu."

Wahida ni mtoto wa binti yangu. Anasoma chuo huko Dar, ununuzi na ugavi, yaani namna ya kuinunulia ofisi viti na makabati bila kuibiwa. Mie ndivyo nilivyoelewa. Nilidhani amekuja kupumzika. Akaniambia amekuja na kazi ya chuo.

"Ya makabati?"

"Ya afya, bibi."

"Umehamia uuguzi?"

"Sijahama. Mwaka wa kwanza wote tunasoma somo la afya. Wa ugavi, wa kompyuta, wa sheria, wote ukumbi mmoja, tunajaa mpaka wengine wanakaa kwenye ngazi. Chakula, presha, sukari, uzazi, mambo ya msongo wa mawazo. Usipolifaulu humalizi chuo."

"Na mtu wa makabati presha inamhusu nini?"

"Ndivyo tulivyouliza na sisi siku ya kwanza. Mwalimu akatuuliza, kwani nyie wa ugavi hamna figo?"

Nikampenda huyo mwalimu hapo hapo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kila mwanafunzi arudi kwao, akae na watu wazima, awaeleze ugonjwa mmoja kwa lugha wanayoielewa, halafu apeleke habari ya walichouliza na walichobisha. Wahida alikuwa amechagua sukari, kwa ajili ya bibi yake Ashatu. Ila hakutaka kumsumbua mjane. Alitaka kwenda kuongea na kina mama wakaanga samaki kule sokoni.

Nikasimama mlangoni, nikamzuia.

"Sokoni nani atakusikiliza?" nikamwambia. "Mtu ana karai la mafuta ya moto, na wateja, na mapaka. Nenda kwa Bibi Ashatu. Alasiri pale wamejaa, wamekaa chini, hawana pa kukimbilia."

"Nyumba ya eda, bibi? Si utovu wa adabu?"

"Unakwenda kufundisha au kupiga zumari?"

Akacheka. Nikaona bado sijafanya kitu. Nilimtaka ajue kabla hatujafika, lakini kiapo kilikuwa kimekaa kooni kama mwiba wa changu. Tulipokuwa tunavuka njia nikamwambia, "Kitendawili."

"Tega," akasema, macho yako kwenye simu.

"Nina watumishi wawili, wananibeba kutwa, sijawahi kuwaona nyuso zao."

"Viatu."

"Vua viatu, ufikirie tena."

"Bajaji, bibi. Tumefika, hodi hodi!"

Ndivyo walivyo vijana hawa.

Ndani walikuwa wameshakusanyika. Tabia alikuwepo, na Bi Hija, ambaye ulimi wake ukipita juu ya nazi hakuna haja ya mbuzi. Ashatu alikuwa amekaa kwenye godoro lake pembeni, nguo nyeupe pe, miguu kaikunja chini ya kanga. Wahida akaamkia mmoja mmoja, akaitikiwa, akaulizwa ataolewa lini, akajibu bado anasoma, akaambiwa hata wenzake walikuwa wanasoma. Hayo yakaisha. Akasimama katikati, akakohoa.

"Kisukari ni ugonjwa sugu usioambukiza, unaochangiwa na mtindo wa maisha na vinasaba..."

"Mwanangu," Bi Hija akamkata, "wewe si tuliambiwa unasomea kununua makabati?"

"Ndiyo bibi, ugavi."

"Sasa na sukari unataka kutununulia?"

Wakaangua kicheko. Wahida naye akacheka, nikaona mabega yake yameshuka, akaketi chini mkekani kama sisi. Pale ndipo alipoanza kuongea vizuri. Alisema sukari ikizidi kwenye damu inaua hisia polepole, mtu anaanza kupoteza habari za miguuni kwake mwenyewe. Alisema mtu anaweza kutembea na kokoto ndani ya kiatu kutwa nzima. Nilikuwa namtazama Ashatu. Ashatu alikuwa anatazama paa.

"Kwa hiyo kila siku mtu ajikague," akasema Wahida. "Juu, chini, katikati ya vidole. Kama huwezi kuinama unachukua kioo..."

Akafungua begi akatoa kioo.

"Kioo!" Bi Hija akaruka, akakifunika kwa mtandio wake kama anayezima moto. "Kwenye nyumba ya eda! Mtoto huyu!"

"Samahani bibi, nilisahau, wallahi."

"Chuo gani hicho kinachosahaulisha!"

Maskini, alikuwa anatoka jasho. Lakini hakukata tamaa. Akasema basi, kama kioo hakifai, tutazamane sisi kwa sisi, kila mmoja amkague jirani yake nyayo. Mmoja akadai ana aibu, mwingine akadai hajanawa, mwisho wakanyoosha. Ikawa vicheko. Tabia alikutwa na mpasuko kwenye kisigino, Bi Hija akasema mle unaweza kuegesha mtumbwi. Bi Hija naye akakutwa na mwiba wa zamani, hajui wa lini.

Zamu ikamfikia Ashatu.

"Mie niachwe," akasema, akivuta kanga. "Niko eda."

"Na miguu nayo iko eda, bibi?" Wahida akauliza kwa upole kabisa.

"Nimesema niachwe!"

Watu wakageuka kumtazama. Ashatu si mtu wa kupaza sauti.

"Mwache mjane," akasema Bi Hija. "Somo lako tumelisikia, ahsante. Kusanya vitu vyako."

Wahida akaanza kukusanya. Akachukua kioo, akachukua simu, akafunga zipu ya begi. Nikauona mlango ukifungwa mbele yangu. Hapo ndipo nilipowaza kwamba nilichoapa ni kutomwambia mtu. Kutega sikuapia.

"Kitendawili!" nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyoipima.

Walishtuka, lakini ukiwategea wanawake wa mtaa wetu kitendawili hawawezi kukiacha kining'inie.

"Tega!"

"Nyumba yangu inaungua, mlinzi yu macho, wala hapigi kelele."

"Jiko la kubanikia samaki," Tabia akasema mbio mbio.

"Silo."

"Chemli."

"Siyo."

"Sigara ya mume wangu," akasema Bi Hija, "na mlinzi ni mie, nimepiga kelele miaka thelathini nimechoka." Wakacheka tena.

"Siyo."

"Haya, tumeshindwa. Twakupa mji. Chukua Pangani."

"Pangani siitaki."

"Chukua Unguja na karafuu zake."

"Wala Unguja. Kuna mtu humu hajajibu. Nautaka mji kwa Ashatu."

Huo ndio mchezo wetu tangu utoto. Ukishindwa kitendawili unampa mtegaji mji. Akishaupokea mji, hana budi kutoa jibu mbele ya wote, hata awe nani. Ashatu anaujua mchezo huo kama mie, kwani tulifundishwa siku moja, kwenye kitanda kimoja. Akinipa mji, nitasema, na atakuwa amenilazimisha mwenyewe. Asiponipa, ajibu.

Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na ndugu yangu.

"Dada," akasema taratibu. "Usinifanyie hivi."

"Nipe mji, ama jibu."

Na wale wengine, ambao hawakujua lolote, wakaanza kupiga makofi na kuimba kama watoto, "Mji! Mji! Mji!" Tabia ndiye aliyeongoza. Wahida alikuwa kasimama na begi, ananitazama mie, anamtazama Ashatu, kisha macho yake yakateremka polepole mpaka kwenye ile kanga. Makofi yakaendelea. Nilitamani wanyamaze, na nilitamani wasinyamaze.

"Mguu," Ashatu akasema.

Hawakumsikia.

"Ni mguu! Nyumba ni mguu. Mlinzi ni mie." Akaufunua, akaunyoosha mbele ya watu wote.

Tabia akashika mdomo. "Kumbe siku ile haukuwa mkeka!"

Wahida alipiga magoti akautazama bila kuugusa. Alikuwa amekuwa wa rangi ya majivu. "Darasani tulionyeshwa picha," akasema. "Picha hazina harufu." Halafu akaninong'oneza, "Bibi, hii si ya kesho."

Pakachafuka. Huyu anasema bajaji, huyu anasema subirini, huyu anamlaumu mwingine kwa kutoona. Bi Hija alisimama mlangoni, mikono kiunoni, machozi yanamtoka, na bado anasema, "Lakini eda! Atatokaje na eda!" Hakuwa mbaya. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyomkalia mumewe wa kwanza, homa imemshika mpaka akawa anaongea na ukuta, na hakutoka.

Nikasema aitwe Masoud. Masoud ni kaka wa marehemu, mtu mkali wa dini, ambaye wanawake wakimwona huteremsha sauti hata kama walikuwa wanaongea habari ya mboga. Nilimwita kwa sababu nilijua bila neno lake hatavuka mtu. Na niliogopa neno lake.

Akaja, akasimama ukumbini nyuma ya pazia, kwa vile si halali kumwona shemeji yake katika eda. Nikamweleza yote. Nikasikia tasbihi zinagongana.

"Kidonda hicho kina muda gani?"

"Tangu arobaini."

"Na hajapelekwa kwa nini?"

"Si yuko eda, shemeji."

"Nani aliyewaambieni mgonjwa wa eda hatoki kwenda kwa daktari?"

Tukatazamana. Mie nilimtazama Bi Hija, Bi Hija akamtazama Tabia, Tabia akatazama chetezo.

"Nauliza, nani?"

"Tulijua hivyo," akasema Bi Hija.

"Mnatoka kwa dharura, mnatibiwa, mnarudi, na eda iko pale pale, haipungui hata saa moja. Msikiti uko hapo, mimi niko hapo. Hamkuuliza?"

"Sasa mtu anauliza jambo analolijua?" Bi Hija akamjibu, na tasbihi zikaanza kugongana tena.

Nilidhani yamekwisha. Nikamshika Ashatu kwapani nimnyanyue. Akawa mzito kama gunia la chumvi.

"Siendi."

"Si umesikia mwenyewe? Ruhusa hiyo!"

"Nimesikia. Siendi."

Ndipo nikatambua kwamba tangu mwanzo alikuwa amejificha nyuma ya eda kama mtoto nyuma ya pazia, miguu inaonekana. Nikaketi chini mbele yake.

"Unaogopa nini, mdogo wangu?"

"Mke wa Mahmoud wa Saadani," akasema, "aliingia na kidonda kama pesa ya shilingi. Akatoka hana goti. Watanikata, dada. Nitakuwa wa kuburutwa kwenda chooni. Bwanaheri hayupo, nani atanibeba?"

Wanawake wote wakapaza sauti kwa pamoja. Hawakukati! Nani akukate! Siku hizi wana dawa! Watakusafisha tu, kesho uko hapa! Hata Masoud huko nyuma ya pazia akasema inshallah hakuna kukata. Ashatu akawa anatikisa kichwa, haangalii mtu. Kisha akamgeukia Wahida, ambaye hakuwa amesema kitu.

"Na wewe uliyesoma. Watanikata?"

Nilimkonyeza yule mtoto. Nilimkonyeza kwa macho yote mawili. Sema hapana, nilikuwa namwambia, sema hapana tuondoke.

"Sijui, bibi," Wahida akasema. "Mie nasomea ugavi. Somo la afya ni moja tu, na mwalimu alituonya tusije tukajifanya madaktari. Huenda wakakata kidogo. Huenda wasikate. Ninalojua ni kwamba ukikaa hapa watakata zaidi, na ukizidi kukaa hakutakuwa na cha kukata."

Bi Hija akasonya. Mie nilitamani ardhi ipasuke.

Ashatu alimtazama sana. "Mtoto wa nani huyu asiyejua kudanganya?" akasema. "Wote humu mnajua isipokuwa yeye aliyesoma." Akanipa mkono. "Niinue."

Tulimtoa mchana kweupe. Bajaji ikaletwa mpaka barazani, na wanawake wakatandaza kanga kushoto na kulia tangu mlangoni, wakazishika juu kama ukuta, naye akapita katikati amefunikwa gubigubi. Bi Hija alishika ya mbele, anawafokea wapita njia wageuze nyuso. Mtu aliyekuwa mbali angedhani ni bibi harusi anatoka.

Hospitalini daktari alikuwa kijana, ana ndevu za kuhesabika. Ashatu alijifunika uso wote, akatoa mguu peke yake, na yule kijana akaongea na mguu kwa adabu kana kwamba ndio mgonjwa mwenyewe. Sisi tukaambiwa tusubiri kwenye benchi. Benchi lenyewe ni la chuma, na mie nilikuwa nasimama, nakaa, naenda mlangoni, narudi. Wahida akanishika pindo la kanga, hakuliachia, kama mtu aliyefunga mbuzi.

"Utaandika nini chuoni?" nikamuuliza, ili mradi niseme kitu.

"Nitaandika kwamba mafunzo yangu yalivunjika kwa sababu ya kioo."

"Watakupa sifuri."

"Waache wanipe." Akafuta pua kwa mkono wa blauzi. "Bibi, ile ya watumishi wawili wasioonekana nyuso. Ulikuwa unaniambia, siyo? Nami nakujibu bajaji."

Nikamwambia anyamaze, nasikiliza nyayo za mlangoni.

Daktari akatoka. Akatuita ndani ili amweleze mgonjwa mbele yetu. "Mguu unabaki," akasema. "Vidole viwili siwezi kuviokoa. Mngesubiri kidogo tu, nisingekuwa naongea habari ya vidole. Atafanyiwa kesho asubuhi, na sukari yake tunaanza kuishusha sasa hivi. Baada ya hapo ni vidonge bila kukosa, na mtu wa kumtazama miguu kila siku."

Nikaona mtandio aliojifunika Ashatu unaingia na kutoka mdomoni.

"Vichukue," Ashatu akasema. "Lakini nirudishiwe."

"Nini mama?"

"Vidole vyangu. Ni vyangu."

Daktari akatutazama. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akamwambia, "Wanavizika, daktari. Mtu hatupwi kipande kipande." Akaelewa, akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake ikafanyika. Sitaki kuikumbuka ile asubuhi, nilizunguka uwanja wa hospitali mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Alipotolewa alikuwa kama samaki aliyetoka barafuni, lakini alinijua, akaniita kwa jina langu la utotoni. Daktari akasema nyama iliyobaki ni nyekundu, safi. Nikamwomba arudie. Akarudia.

Mchana Masoud akafika. Alikuwa ameleta kipande cha sanda, akakabidhiwa vile vidole, akavifunga vizuri kifurushi kidogo kama cha halua. Wodi ilikuwa na watu: Tabia na sufuria ya uji, Bi Hija na mto wake mwenyewe kutoka nyumbani, kwa kuwa aliapa mito ya hospitali ni ya mbao. Masoud akasimama mlangoni, mgongo ametupa sisi.

"Shemeji," akasema. "Pole. Nivizike wapi?"

"Miguuni pa ndugu yako," Ashatu akamjibu kutoka ndani ya mtandio.

"Haya."

"Na umwambie ni vidole tu. Asije akaanza kunitandikia kitanda."

Mabega ya Masoud yakatikisika. Kama alikuwa anacheka au analia, mie sikumwona uso. Bi Hija yeye alianguka juu ya ule mto wake, akacheka mpaka muuguzi akaja kumfukuza, na Wahida naye akacheka huku machozi yanamchuruzika, na wagonjwa wa vitanda vingine wakawa wanauliza kuna nini.

Mie nilikwenda dirishani. Masoud alikuwa anakatisha uwanja kuelekea getini, kifurushi amekishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, anampisha kila mtu njiani, wauza machungwa, wenye bajaji, mpaka watoto.